Ruhusa ya Kwenda Kanisani

Nilizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Kibomet, nje kidogo ya Kitale. Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, mama alipalilia mahindi. Tulikuwa maskwota: tulipewa mahali pa kujenga na kulima kidogo, na sisi tukatoa kazi yetu mwaka mzima. Baba alining'iniza kipande chake, cheti cha kazi cha serikali, shingoni ndani ya kikopo cha bati, na bila barua ya bwana hakuweza kuvuka mpaka wa shamba.

Jumapili ng'ombe walikamuliwa kama siku nyingine. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kanisa dogo la nyasi, lakini kwenda huko kulitaka ruhusa ya nyapara, na nyapara hakuitoa. Kwa hiyo mama na wanawake wenzake waliimba ghalani wakipukuchua mahindi, kwa sauti ya chini, mmoja akikaa mlangoni kuangalia kama kuna mtu anakuja. Nilizijua nyimbo zile kabla sijajua kwamba kuna watu wanaoziimba kwa nguvu.

Nilikuwa ndiyo naanza kung'oka meno habari ilipofika kutoka Matulo, kwao baba, kwamba kukhu, nyanya yetu, amefariki. Baba alienda kuomba ruhusa akamzike mama yake. Akaambiwa angoje mavuno yaishe. Akangoja. Alipofika Matulo, kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Aliporudi hakula siku mbili. Jioni ya tatu, tukiwa tumeketi motoni, alisema maneno ambayo mama aliyatunza kuliko alivyoyatunza baba mwenyewe: "Mungu akinitoa hapa, hakuna mtu ataniambia siku ya kupiga magoti."

Mungu akamtoa. Vita vya Hitler vilipoisha, bwana alileta trekta na kuwapunguza watu wake. Wengi walilia kwa kufukuzwa. Mama alikunja nguo zetu akiimba, na siku hiyo aliimba kwa sauti. Tulitembea siku mbili, mizigo kichwani, mpaka Matulo, na ndugu yake baba akatukatia upande wa shamba ulioachwa na babu.

Mwaka wa kwanza tulilala katika nyumba iliyovuja, lakini kila Jumapili tulikuwa wa kwanza kanisani. Baba alishinda akilima, kisha jioni akaenda kufyatua matofali ya kanisa jipya. Siku moja mwalimu wa kanisa alichelewa, akatukuta tumeshaanza kuimba bila yeye. Baba alicheka, akamwambia kwamba anaogopa ataamka siku moja akute bado ni Kibomet.

Udongo wa Matulo ulitukubali. Mahindi yalijaa ghala, tukajenga la pili. Baba akapata plau na ng'ombe wanne wa kuivuta, kisha mkokoteni, kisha nyumba ya mabati, ya kwanza kwenye mteremko wetu. Jumapili ya kwanza aliyokosa kanisani, mvua ilikuwa imeanza na majirani walikuwa wakiingojea plau yake. Aliporudi alionekana kuona haya. Aliyokosa baada ya hiyo, hakuona haya sana. Hakuna siku aliyokaa akaamua kumwacha Mungu. Alikuwa na kazi tu, na sisi watoto tukafuata nyayo zake, kwa sababu kulala asubuhi ni kutamu.

Mama alienda peke yake. Siku moja alirudi akamkuta baba akinoa ulimi wa plau, akasimama mbele yake na Biblia kwapani.

"Kule Kibomet bwana ndiye alitukataza," akasema. "Hapa ni nani anatukataza?"

Baba alimjibu kwa upole kwamba Mungu ndiye aliyeleta mvua, na anaelewa.

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita, tumbo la mama lilianza kuvimba. Daktari wa Bungoma alimpa dawa, akamvuta baba kando na kumwambia kwamba asichoshwe. Baada ya mwezi hakuweza tena kutembea. Ilikuwa wakati wa kupanda. Jumatatu moja alimwomba baba ampeleke kanisani kwa mkokoteni Jumapili ijayo, maana kutakuwa na meza ya Bwana.

Baba alisema Jumapili hiyo ng'ombe wameahidiwa mtu. "Ngoja tumalize kupanda."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wa mama. Mimi ndiye nilikuwa kifungua mimba, na baba alikuwa hawezi kuninyima kitu. Neno moja langu lingetosha. Lakini nilikuwa nimeahidiwa viatu, vyangu vya kwanza, kupanda kukiisha. Nikanyamaza. Mama alinitazama, kisha akasema, "Haya."

Jumapili ilipofika aliniomba nimketishe nje, aelekee upande wa kanisa, kwa sababu siku nyingine upepo ulileta nyimbo hadi kwetu. Siku hiyo haukuleta. Tulichosikia ni sauti ya baba akiwafokea ng'ombe katika shamba la jirani. Mama alikuwa akichezesha midomo. Alifariki Jumatano, kupanda hakujaisha.

Baba aliwafunga ng'ombe kwenye mkokoteni akampeleka kanisani mwenyewe. Ilipofika wakati wa familia kusema, alisimama kando ya jeneza.

"Mimi nilinyimwa ruhusa ya kumzika mama yangu," akasema. "Yule aliyeninyima nimemchukia miaka hii yote. Huyu aliniomba Jumapili moja tu, na mimi nikamwambia angoje."

Akaketi.

Viatu nilinunuliwa, nami nikampa mdogo wangu kabla havijaingia vumbi. Nimewasikia wahubiri wengi wakisema kwamba taabu ndiyo hujaribu imani ya mtu. Sisi taabu haikutushinda. Shibe ndiyo ilitushinda, na ilitushinda polepole, tukiwa tunaishukuru.

Baba hakukosa kanisani tena. Aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Mara mbili walitaka kumfanya mzee wa kanisa, mara mbili akakataa. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa makubwa kuliko yote tuliyowahi kupata, na siku ya shukrani tulipeleka magunia mengi kuliko nyumba yoyote. Tulipokuwa tukiyashusha, baba alisimama kidogo, mkono juu ya gunia.

"Sasa Jumapili ninayo," akaniambia, "na wa kwenda naye sina."

Nilishika upande wangu wa gunia, tukaliingiza ndani.