Kushoto Juu, Kulia Chini

Chemchemi yetu ya maji moto ilikuwa ikipoa umeme ukikatika. Nalisema hili mapema ili mtu asiniulize Johannesburg ina chemchemi gani. Maji yalitoka kwenye kisima kilichochimbwa kwa mashine nyuma ya nyumba, yakinuka chuma kidogo, yakapita kwenye boila, kisha yakaingia kwenye bwawa dogo la mawe ambamo wageni walikaa hadi shingoni wamefumba macho. Mwaka 2015, mgao wa umeme ulipopamba moto, nilimkuta bwana mmoja wa Sandton, kwa matajiri, akitetemeka humo kwa heshima zote, akidhani ndivyo Wajapani wanavyofanya.

Nyumba yenyewe ilikuwa kuukuu, juu ya kilima cha Kensington, mwendo wa miguu kutoka kwangu Troyeville. Mwenyewe alikuwa mama wa Kijapani, mjane, aliyeigeuza yote ikawa nyumba ya wageni ya kwao: mikeka minene sakafuni, milango ya karatasi ya kusukuma pembeni, viatu vinabaki mlangoni. Hilo la viatu halikunipa taabu, maana kwetu Tanga pia huingii kwa watu na viatu vyako. Tulimwita okami, ndivyo anavyoitwa mama mwenye nyumba katika kazi hiyo. Kati ya wahudumu wake, tuliosikilizana kwa Kiswahili tulikuwa wawili tu: mimi, na msichana wa Lubumbashi aliyekuwa akikaa Jeppestown. Aliniita yaya. Kwao yaya ni dada mkubwa, kwetu ni mtu wa kubembeleza watoto wa wenzake, lakini nilimwacha aniite.

Tulianza kazi pamoja. Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni lile joho la pamba analovaa mgeni akitoka majini. Unalaza kwanza upande wa kulia mwilini, kisha wa kushoto unakuja juu yake, ndipo unafunga mkanda. Kushoto juu, kulia chini. Ukigeuza umemvisha mtu kama maiti, kwa sababu wafu tu ndio hufungwa kulia juu. Tulijifunza kwa kufungana wenyewe kwa wenyewe, na siku moja alinigeuzia makusudi, akapiga magoti mbele yangu, akaanza kuniomboleza kwa Kifaransa hadi okami akaja mbio kuuliza nani amefiwa. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Jumapili akitoka kanisani alikuja kwangu kula. Tukishakula tunapiga simu Tanga kwa mama yangu, aliyekuwa akinilelea binti yangu wa miaka saba. Nilimwacha mtoto huyo akiwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Simu ikifika kwa rafiki yangu, binti alimwita mama mdogo, na Kiswahili cha Kongo kilimchekesha mpaka akakohoa.

Kisha okami akatangaza kwamba anataka mhudumu mkuu, na atachagua kati yetu wawili. Mhudumu mkuu angepewa kinyumba cha uani: vyumba viwili, jiko, na mti wa pichi karibu na dirisha. Ukuu sikuutaka. Nilitaka kinyumba. Pale Troyeville nilipanga nusu ya chumba, nusu nyingine ilikuwa ya mtu na mkewe, katikati pazia. Mtoto ningemweka wapi? Nikamsimulia binti yangu habari za mti wa pichi, rafiki yangu akiwa hapo hapo, na ni yeye aliyeninyang'anya simu akamwambia kitanda chake kitakaa upande gani.

Namna ya kuchagua nayo ilikuwa ya kwao. Kila mmoja wetu angelala pale kama mgeni, mwenzake akimhudumia, na asubuhi mhudumu angemweleza okami ameona nini kwa mgeni wake kabla ya kuambiwa. Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yake makubwa. Mgeni asiombe, wewe uone: kama anasikia baridi, kama hali samaki, kama amelia.

Nilianza mimi. Niliingia kwa mlango wa mbele niliozoea kuufagia, na rafiki yangu akainama, uso umekauka kwa heshima, akaniita madamu. Niliuma shavu nisicheke. Alinipa chai ya kijani na kitamu cha maharage, akanionyesha chumba nilichokideki mwenyewe jana yake. Halafu nikaenda majini.

Pale unaoga kwanza, kwenye kigoda, unajisugua hadi utakate, ndipo unaingia bwawani. Nguo haiingii majini, hata kanga. Okami alijua mimi ni Mwislamu na sivui nguo mbele ya watu, kwa hiyo aliniachia bwawa peke yangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na sababu nyingine. Goti langu la kulia liliharibika zamani, nilipoteleza kwenye ngazi za karakana moja ya nguo Jeppestown, na daktari alinikataza kulipiga chini. Nami nikaenda kutafuta kazi ya kupiga magoti kutwa. Kazini nilisali nimekaa kitini, kwenye chumba cha kufulia, mlango nimeufunga. Hakuna aliyejua.

Yale maji ya boila, nikiri, yalinifaa. Nilikaa mpaka vidole vikanywea. Nilipokuwa natoka, nimeng'ang'ania jiwe kwa mikono miwili, rafiki yangu akaingia na taulo. Goti lilikuwa limeumuka kama andazi. Alinifunika, akanikalisha kigodani, akaanza kulikanda kwa viganja vyake.

"Yaya, hii goti iko hivi tangu lini?"

Nilimwambia. Nilimwambia ngazi, daktari, kiti cha kusalia, vyote.

"Okami anajua?"

"Hajui. Akijua, nimekwisha."

"Eish, yaya." Akanikaza taulo mabegani. "Mi sitaambia muntu. Weye na mie tu."

Nikala chakula cha visahani vingi hata sikujua kipi kinaliwa na kipi ni pambo. Niliporudi chumbani nikakuta ameshatandika godoro, na mahali goti langu litakapokaa ameweka mto mdogo. Sikuwa nimeuomba. Sijui mara ya mwisho mtu kunitandikia ilikuwa lini, pengine nikiwa mtoto kwa mama yangu, na nililala kama mtoto.

Kesho yake mchana okami aliniita. Alikuwa ameniwekea kiti, yeye mwenyewe amekaa mkekani. Aliinamisha kichwa akaniomba radhi kwa Kiingereza chake cha taratibu: amenipigisha magoti muda wote huo na hakuona. Mwenzangu ameona. Mwenzangu amemsihi anihurumie. Mhudumu mkuu hukaa na wageni kwa magoti mlo mzima, akasema, na yeye hawezi kunifanyia ukatili huo. Atanihamishia kwenye kufua na kunyoosha, na kiti hiki kitakuwa changu. Kisha akamsifu mwenzangu, jinsi alivyoona bila kuambiwa.

Hakuona. Nilimwambia. Maneno yalinifika kooni nikayameza, kwa sababu kuyasema ni kukiri kwamba nilimficha okami. Nikasema ahsante. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilinyang'anywa nyumba ya mwanangu na ikabidi nishukuru. Angekwenda kunichongea, aseme mimi mvivu, mimi mwizi, ningemjua ni adui na ningejua pa kumshika. Yeye aliniuma huku akinipuliza.

Zamu yake ya kuwa mgeni ilikuwa bado, na okami hakutaka kuiruka. Aliniuliza kama nitaweza kuhudumu mara hiyo moja. Nikasema nitaweza.

Nilimhudumia vizuri. Nilimmiminia chai, nilimpashia maji, nilimngoja nje ya mlango hadi akajikausha. Akatoka amevaa joho mabegani tu, wazi mbele juu ya nguo yake ya ndani, akasimama nimfunge, kama anavyosimama mgeni.

"Yaya, unanikasirikia."

Nikaukunjua mkanda.

"Nilisema juu ya kukusaidia. Ile goti ingekufa kabisa."

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungekatala." Akanishika mkono. "Mutoto atakuja tu, yaya. Atakaa kwangu."

Kwangu. Okami alikuwa hajatangaza chochote, na mwenzangu ameshahamia, ameshapanga nani alale wapi, na mwanangu ni mgeni wake. Nikachukua upande wa kushoto, nikaulaza kwanza. Nikachukua wa kulia, nikauleta juu. Nikafunga mkanda, nikaukaza.

Aliinamisha macho kifuani pake. Aliona, na asingeweza kudhani nimekosea. Nilingoja aseme, nilingoja afungue, hata nilitamani anizabe kofi ili yaishe. Akageuka akaenda kula akiwa amevaa hivyo hivyo, nami nikamfuata na sinia.

Okami alikuwa amepiga magoti mezani. Alipomwona, uso ulimbadilika. Aliinuka, akamfungua mkanda, akageuza zile pande mbili kimya kimya, akamfunga upya. Alinitazama mara moja tu. Nilijua chumba cha kufulia nacho kimekwenda, na kiti changu.

Jumapili nilikula peke yangu, kisha nikapiga simu Tanga. Binti yangu alisimulia habari za shule, halafu, kama kawaida yake, akasema nimpe mama mdogo.

"Mama mdogo amekufa," nikamwambia.

Alilia. Alilia sana kuliko nilivyotarajia, nami nikasikiliza na sikumnyamazisha. Kisha nikamsikia akivuta kamasi.

"Kwa hiyo kwenye ile nyumba," akauliza, "tutakaa wawili tu?"

"Ndiyo," nikasema. "Wawili tu."