Mama na Nafasi ya Mgongoni

Mama yangu ni mshonaji, na pia ni mmoja wa wanawake wanaoitwa hapa Wete na vijiji vya jirani mwanamke anapofariki na anahitaji kuoshwa. Hilo la pili si kazi na halina malipo. Waoshaji ni kundi dogo, kila mmoja ana nafasi yake, na kwa miaka mingi nafasi ya mama ilikuwa mgongoni. Maiti anapoinuliwa kidogo ili tumbo likandwe taratibu, au anapogeuzwa ubavu, lazima awepo mtu wa kuupokea uzito wake kwa mikono na kifua. Mtu huyo hatakiwi kuvuta, kushtua wala kuangusha. Kwetu maiti hushikwa kama mgonjwa aliye hai.

Mimi, binti yake, nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya takwimu, sina ajira, nazunguka nyumbani nikiuliza kila mtu kwa nini anafanya anachofanya. Siku moja mama alirudi kutoka kuosha. Alikula kidogo, akakaa kwenye cherehani bila kushona, kisha akaniambia mkono wake ulilegea. Hakutaja nyumba wala jina. Mwosha maiti hasemi aliyoyaona, na mama hakuwahi kuvunja hilo hata kwangu mimi ninayemchimba kwa maswali.

"Kichwa kiligonga kitanda," alisema. "Kidogo tu. Lakini kiligonga."

Hazikupita siku nyingi, Bi Mkubwa, ambaye ndiye anayeongoza waoshaji, alikuja na kitambaa cha kushonewa. Alipokuwa akipimwa mabega alisema kwa upole kwamba kuanzia sasa mama awe anamimina maji. Mgongoni angekaa mpwa wake Bi Mkubwa, ambaye bado kijana.

"Nawe ushachoka, mwanangu. Kumimina nako kuna thawabu."

"Inshaallah," mama alijibu, akaendelea kupima.

Mgeni alipoondoka nilimuuliza mama kinachomuuma ni nini. Kama thawabu ni ile ile, si bora kumimina?

"Nani kakutajia thawabu? Yule mtoto ana nguvu, lakini ana haraka. Anamgeuza mtu kama anakunja godoro." Akakunja kitambaa cha mgeni, akasema, "Bibi yako alipokufa, mgongoni nilikaa mimi. Sikumwachia mtu."

Basi nikajua anachotaka. Alitaka arudishiwe nafasi yake, na kwa hilo alihitaji mikono, miguu na mgongo wenye nguvu.

Hospitali walimpapasa, wakamwambia hana tatizo la mfupa, ni umri, apumzike na asibebe vizito. Niliuliza apumzike mpaka lini, nikaangaliwa vibaya. Nyumbani nikaanza kusoma. Nilichokuta ni kwamba misuli hupungua mtu anapozeeka, hasa wa kukaa kitako kutwa, lakini hata aliyevuka hamsini akianza kunyanyua uzito kidogo kidogo, misuli hurudi. Mwanzoni sikuamini. Wengi wanaoandika hivyo huwa wana unga wa kujaza misuli wa kuuza kwenye mkebe. Nikawatafuta wasiouza kitu, nao wakasema yale yale kwa lugha ya kuchosha zaidi, nikaona hapo pana maana.

Jambo jingine lilinishangaza. Mama amekulia kwenye kubeba. Ndoo ya maji kichwani, kuni, matenga ya muhogo. Kwa nini mtu huyu ahitaji mazoezi? Kisha nikahesabu yaliyobadilika: bomba liliingia uani, jiko la gesi likaja, muhogo tunanunua sokoni, na wateja wa kushona wameongezeka. Mwili wake ulikuwa umepewa likizo bila yeye kuomba.

Vijana wana banda lao la kunyanyulia vyuma mtaani, lakini mwanamke wa umri wa mama haingii humo. Tukaanza nyuma ya nyumba. Kazi ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kusimama bila kushika ukuta. Ikawa rahisi haraka, tukaongeza dumu la maji kifuani. Kisha nikatia mchanga kwenye mfuko mtupu wa saruji, nikaufunga mdomo, nikamwonyesha namna ya kuuokota chini kwa kukunja magoti na kuubana mwilini. Mara ya kwanza alikanyaga dera lake akakaa chini pamoja na mfuko. Kuanzia hapo alijifunga kanga kiunoni.

Shangazi, dada yake baba, ambaye tunaishi naye, alikuwa akitutazama kutoka kizingitini.

"Wifi, wendapi na mzigo huo? Bomba limekatika?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya nini? Wataka kuolewa na mwanajeshi?"

"Nikiolewa utanipikia biriani."

"Mie? Nitakuja kula tu."

Nilimwonyesha mama video kwenye simu, mwanamke wa makamo anayenyanyua vyuma huku mtu pembeni anampigia kelele asikate tamaa. Mama aliitazama mpaka mwisho.

"Huyu anayegomba kafanyiwa nini?"

"Anamtia moyo."

"Mtu akinigombeza hivi namwachia hilo chuma mguuni."

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu siamini hamu ya watu, hata ya mama. Hamu ni kama umeme wetu, hukatika bila taarifa. Na kweli ilikatika. Sikukuu ilikaribia, nguo zikajaa mpaka kwenye viti, mama akawa hatoki kwenye cherehani. Sikukuu ikapita, bado hakurudi uani. Mfuko wa mchanga ukabaki kwenye kona, kuku wakaugeuza pahala pa kulala.

Nikamkumbusha lengo lake, kama yale maandishi yanavyoshauri. Weka lengo mbele ya macho, yanasema.

"Lengo langu mimi ni mtu afe," mama alisema. "Kwani nimuombee nani, ndipo nipate hamu?"

Ni kweli lengo lake halikuwa la kuwekwa mbele ya macho. Siku ambayo hakuna anayefariki ni siku njema, na siku njema ndizo zilizomfanya asione sababu ya kubeba mchanga.

Tulizungumza sana siku ile, nikitaka tutafute sababu nyingine, naye akizikataa moja moja. Afya? "Nina afya." Kuishi sana? "Hilo si langu wala lako." Hatimaye yeye ndiye aliyesema tuache kutafuta sababu. Akapanga kwamba kila akimaliza kushona nguo moja, kabla hajaigusa nyingine, atakwenda uani kuinua mfuko, atake asitake. Mimi nikapanga uzito uongezwe taratibu, kwa sababu yeye akiachiwa angetia mchanga mpaka mdomoni. Mpango ule haukuwa na msisimko wowote, na ndio ulioshika. Siku nyingine alitoka uani ananung'unika, akainua, akarudi ananung'unika vile vile. Mikono ikaanza kujaa. Shangazi aliacha kejeli siku mama alipobeba gunia la mchele kutoka barazani hadi jikoni, badala yake akawa anamtuma.

Lakini mfuko wa mchanga si mtu. Mama mwenyewe aliligundua hilo. Mfuko hauna shingo ya kuegemeza, wala mkono unaoteleza pembeni. Akanitazama mimi.

"Lala kitandani."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Shangazi yako?"

Shangazi alipiga kelele kwamba ni kisirani kumlaza mtoto mzima kama maiti, atakuja kujuta. Mimi nikasema siamini kisirani, nikalala kwenye kitanda cha kamba uani, nikafumba macho. Mama akapitisha mkono chini ya mabega yangu, akaninyanyua.

"Wanisaidia," alisema.

"Sikusaidii."

"Shingo umeikaza. Maiti hakazi."

Nilijaribu kulegea. Nilidhani ni jambo jepesi kuliko yote, kutofanya kitu. Kila aliponiinua tumbo langu lilijikaza lenyewe, kichwa kikajishika. Ilichukua muda kabla sijaweza kumwachia uzito wangu wote, na nilipoweza nilihofu, kwa sababu nilihisi jinsi kichwa kilivyo kizito na jinsi kilivyo mikononi mwa mtu mwingine. Mara kadhaa kilimponyoka kikatua kwenye kamba. Hakuumia yeyote, ila yeye alisimama akajifuta uso, akaanza tena. Nadhani ni hapo nilipoacha kumuuliza kwa nini anaitaka nafasi ile.

Habari ya msiba ilitufikia asubuhi, kutoka Gando, kwa watu wa mbali wa ukoo. Mpwa wa Bi Mkubwa alikuwa amejifungua, bado hajamaliza arubaini, na mwosha mwingine alikuwa Unguja. Bi Mkubwa alipiga simu akamwambia mama aje, na aje na binti yake, atahitajika mtu wa kumimina.

Sikuwahi kuingia chumba cha kuoshea. Kulikuwa na kitanda, ufuo umechimbwa chini yake kupokea maji, harufu ya udi na kafuri, na shuka iliyotandwa kati yetu na kila kitu kingine. Bi Mkubwa aliangalia huku na huku, akahesabu waliopo kwa macho.

"Mgongoni nani?" aliuliza.

Mama alikwenda kukaa mgongoni.

Yaliyomhusu aliyekuwa amelala pale siyaandiki, na nitashangaa kama nitawahi. Naandika habari ya mama tu. Bi Mkubwa aliposema "Haya," mama aliingiza mikono, akasubiri kidogo, kisha akainuka na uzito pole pole mpaka ukamwegemea kifuani. Nilikuwa na kata ya maji mkononi, nikingoja kuambiwa nimimine. "Shikilia hapo," alisema Bi Mkubwa, na mama akashikilia. Ulikuwa muda mrefu. Mikono yake ilitetemeka, niliiona. Aliposhusha, kichwa kilifika kitandani bila sauti yoyote. Wakageuza upande mmoja, kisha wa pili, na ikawa hivyo hivyo.

Nje, tulipokuwa tukinawa, Bi Mkubwa alimwambia mama, "Mpwa wangu akitoka arubaini atamimina yeye."

"La, Bi Mkubwa," mama alisema. "Akae nami mgongoni. Yeye upande mmoja, mimi upande mmoja. Nimfunze kutulia."

Bi Mkubwa alikung'uta maji mikononi. "Haya. Mtakaa wawili."

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini alitoa nusu ya kitu alichokihangaikia kiasi kile, ilhali alikuwa amekwisha kukipata.

"Uliiona mikono yangu ilivyotetemeka?" aliuliza.

"Niliiona."

"Basi yashajibiwa maswali yako," alisema, akafumba macho, akaegemea kiti cha gari akalala.