Sanduku Lililozikwa kwa Machozi

Kwa miaka mingi nilishikilia kwamba ni fuko waliochimbua bustani ya Tata. Nilisema hivyo mbele ya fundi wa mitego aliyeletwa kuwanasa, na Krismasi moja nikarudia mdomo ukiwa umejaa mukimo, bila kupepesa jicho. Hawakuwa fuko. Ilikuwa mimi na mume wangu, na jembe la Tata mwenyewe.

Tata ni dada ya baba. Anaishi Karen, Nairobi, si Karen ile ya mabwawa ya kuogelea, bali kule pembeni, kwenye kipande ambacho marehemu mumewe alikinunua kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago baada ya Uhuru. Marehemu alikuwa na hadithi moja, na kila harusi tuliisikia nyama ikishaliwa. Siku chache kabla ya kuondoka, mzungu huyo alionekana akizika sanduku la chuma nyuma ya zizi la farasi.

“Na alikuwa analia,” marehemu alimalizia. “Mwanamume mzima, analia kama mtoto.” Kisha aliomba kijiti cha meno, akatuacha tukihesabu wenyewe ni kitu gani kingeweza kumliza mzungu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha historia katika chuo kimoja katikati ya jiji, ghorofa ya juu ya duka la viatu. Nilikuwa na somo moja nililojivunia kupita kiasi: kwa nini Wazungu waliacha chakula chao na vitanda vyao kwenda kutafuta miji ya dhahabu ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Niliwaeleza wanafunzi kuhusu kitinda mimba asiye na shamba la kurithi, padri mwenye haraka ya kuokoa roho, na Mreno asiyelala kwa kuwaza kwamba Mhispania atafika kwanza. Niliwaeleza pia jinsi wenyeji walivyochoka na wageni wale, wakawa wanawaambia mji upo, ila uko mbele kidogo, kwa majirani. Darasa lilicheka sana hapo. Hakuna Mkenya ambaye hajawahi kuelekezwa “hapo mbele tu” na mtu asiyejua anakokuelekeza.

Siku moja msichana mmoja akauliza, “Sasa mwalimu, wakikosa, mbona hawakuwa wanarudi tu nyumbani?”

Nilimpa jibu refu lenye upepo na matanga. Aliliandika lote, maskini.

Baadaye kidogo Tata alisafiri kwenda Murang’a kualika wazee. Binti yake wa mwisho alikuwa anakuja kuposwa Jumamosi iliyofuata, na hema la wakwe lingesimikwa nyuma ya nyumba, palipokuwa na zizi. Alituachia funguo na agizo moja: “Mniangalizie nyasi.” Nyasi zile alizipanda kwa mkono, shina kwa shina, na alizimwagilia maji hata miezi ambayo yeye mwenyewe alioga kwa kikombe.

Mume wangu alifika na kifimbo cheusi, kile ambacho askari wa mlangoni hukupitishia mwilini ukiingia madukani, kikalia kwa sababu ya funguo zako. Alikiazima kwa binamu yake anayesimamia walinzi Westlands.

“Ya nini hiyo?”

“Ya kuangalia tu.”

“Mtu anaangalia nini na hiyo kwa nyasi ya wenyewe?”

“Si wewe ndio mwalimu wa dhahabu? Shika, nifunge kamba za viatu.”

Nikashika. Kikalia kwa sababu ya bangili yangu. Nikaivua, nikakipitisha juu ya nyasi, taratibu, kama ninayempekua mgonjwa. Karibu na ua kikalia tena, na mimi, mwanamke mwenye shahada mbili, nikasema, “Chimba.”

Sanduku lilikuwepo. Nataka haki itendeke kwa marehemu: kila alichosema kilikuwa kweli. Lilikuwa la chuma, mfuniko umeoza, na ndani mlikuwa na blanketi lililogeuka udongo, mifupa, na kola yenye kibati cha njano.

“Mbwa,” nilisema.

Mume wangu alichungulia shimo. Kisha akasema, “Labda chini yake.”

Tukachimba chini ya mbwa. Tukachimba kulia kwake, halafu kushoto. Nilipomwambia yatosha, alijifuta jasho akanitazama kwa huzuni. “Nimeshawaambia ndugu zangu Kakamega mambo yatabadilika. Nitawaambia nini? Mbwa?”

Hapo ndipo nilipopata jibu la yule msichana.

Tulifukia, tukapanga nyasi juu kama kiraka. Tata alirudi, akasimama pale muda mrefu mkono shavuni. “Fuko,” nilisema kabla hajauliza. Jumamosi ilipofika, kiti cha msemaji wa wakwe kilizama mguu mmoja akiwa katikati ya salamu. Alisema ardhi ya huku inashika wageni mapema. Watu wote walicheka isipokuwa Tata.

Kile kibati sikukirudisha. Kilikuwa cha njano, na mtu hujui. Nilikipeleka kwa sonara mmoja Parklands, akakigeuzageuza, akasoma jina lililochongwa. “Ni shaba, mama,” alisema. “Na mbwa anaendeleaje?”

Kikakaa kwenye droo yangu ya soksi mpaka asubuhi ile Tata aliponipigia simu, miaka kadhaa baadaye.

“Mwalimu, hujambo? Binti ya yule mzungu amefika nchini. Anakuja kesho kuona kaburi.”

“Kaburi gani, Tata?”

“La mbwa. Baba yake alimpenda kuliko watu. Alilia hapa, wee.”

“Kumbe ulijua ni mbwa? Na miaka hiyo yote marehemu akihadithia?”

“Marehemu alitaka kusikilizwa. Nani husikiliza hadithi ya mbwa? Na mimi hakuna aliyeniuliza.”

Nikasema pole pole kwamba ni ajabu kweli.

“Ajabu,” alisema Tata. “Nilipofunua kile kiraka, kola ilikuwa haina kibati. Sasa mwambie yule fuko wako akilete leo, kabla ya saa kumi. Na aje na nyasi.”