Rangi ya Shokishoki

Mzee Khatib Silima alikuwa mhunzi wa Konde, na mwaka wa hamsini na tisa, mie nilipokuwa napita huko, macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia kiza. Miaka arubaini aliutazama moto. Mhunzi hana kipimo kingine: chuma kikipata moto huwa chekundu cha kiza, kisha chekundu cha kung'aa, kisha manjano, kisha cheupe. Ukikizimisha majini mapema hakishiki makali, ukichelewa kinapasuka. Na yeye sasa alichokiona ni ukungu tu. Aliogopa kuitwa mhunzi wa zamani naye yu hai.

Jirani yake alikuwa Maalim Nassor, kijana aliyesomea ng'ambo. Siku moja alikuja kuchukua bawaba ya mlango, mzee akamuuliza, "Maalim, kwa nini chuma hakianzi na buluu?"

Maalim akasema suala hilo liliwakosesha raha wataalamu wa Ulaya. Hesabu zao zilidai kila chenye moto kimwage mwanga usio na mwisho, upande wa buluu na kuipita. Tanuri lile lingetupofua sote. Basi mwaka elfu moja mia tisa Mjerumani mmoja akakisia, na mwenyewe hakuridhika sana na wazo lake, kwamba moto haumwagi mwanga kama maji. Huutoa kwa mafungu.

"Kama samaki wa sokoni Tumbe?" mzee akauliza.

"Vivyo hivyo. Fungu halikatwi nusu. La nyekundu dogo, la buluu kubwa, na chuma cha moto mdogo hakilimudu fungu kubwa. Miaka mitano baadaye akaja mwengine, akasema hata njiani mwanga huenda kwa mafungu hayo hayo."

Mzee akaugeukia moto. "Basi yanayonifikia mie yamepungua ukubwa, au hesabu?"

"Hesabu, mzee wangu. Fungu la nyekundu ni lile lile, jicho zima au bovu."

Nilimwona akifurahi mpaka akajifuta uso. Chuma kilikuwa kingali kikisema kweli. Palitakiwa jicho la kuazima tu. Akamwita mkewe, Bi Siti, mzaliwa wa Mtambile, kusini, akamkalisha mbele ya tanuri. Ndani mlikuwa na tezo ya Mzee Duni wa Kojani, kile chombo cha kuchongea mashua, kazi ya siku tatu.

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu gani?"

"Hee! Kwani ziko ngapi, bwana? Au Maalim kakuletea nyengine?"

Sote tukacheka. "Basi sikiliza," mzee akasema. "Ikifika rangi ya tunda la shokishoki lililoiva, piga ukelele."

Akavukuta viriba, moto ukapanda. Akangoja. Bi Siti macho kodo, jasho linamtiririka, hataki kukosea.

"Bado?"

"Bado, bwana. Vukuta."

Akavukuta tena. Hatimaye Bi Siti akapiga ukelele: "Shokishoki!"

Tezo ikaingia majini. Ikalia ta! mara moja, kama yai. Mzee akaitoa, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka akaufikia ufa.

"Siti. Shokishoki za kwenu rangi gani?"

"Manjano," akasema. "Si ule mti wa uani kwa baba? Wote manjano." Kisha akaona nyuso zetu, naye akajishika mdomo.

Za Konde nyekundu. Mzee hakumgombeza. Alimwambia, "Hujakosea, mke wangu. Umesema ulichokiona." Bi Siti akasema angejifunza, wangechuma shokishoki za hapo hapo, waziweke mbele yao. Mzee akatikisa kichwa. Alimwonea huruma, akaufukia moto kwa majivu.

Niliporudi Konde mwaka uliofuata nilibisha hodi kwa mzee, nikiwa na kisu changu butu cha kutiwa makali. Bi Siti akatoka, akasimama mlangoni, hakunikaribisha.

"Bwana kasafiri, mzee wangu. Jaribu kule chini kwa Ngwali, naye mhunzi."

Nyuma yake, ndani, kando ya tanuri lililopoa, Mzee Khatib akakohoa. Bi Siti akaniangalia usoni, machozi yamemjaa, akarudia polepole, "Kasafiri."

Nikamwambia amsalimie mhunzi wetu akirudi.