Kibao cha Nitwike

Kitongoji chetu kiko juu ya Bigwa, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kinaitwa Nitwike. Mjini nikikitaja watu hucheka. Mimi hununa.

Jina hilo lilianza kwa bibi yake mama. Wanawake waliokuwa wakishuka na ndizi kwenda sokoni walitua mizigo kwenye kona ya nyumba yake wapumzike. Kutua unaweza peke yako; kulirudisha tenga lililojaa kichwani, thubutu! Basi walimwita, "Bibi, nitwike," naye hutoka hata kama mikono ina unga. Hakumuuliza mtu ukoo wake. Nyumba zikaongezeka pale konani, jina likabaki. Kaburi lake lilikwenda na maporomoko ya mvua, kwa hiyo jina ndilo pekee mama alilobaki nalo.

Juzijuzi vilipoletwa vibao vya barabarani, mwenyekiti wa kitongoji akataka tuandikwe Mji Mpya. Eti Nitwike ni jina la shida, na siku hizi bodaboda zinafika. Alisahau kusema zinafika kiangazi tu. Mji Mpya! Nyumba ishirini na duka moja lisilo na chumvi. Mama chakula kilimshinda. Aliniita nikamsemee mkutanoni, na mimi kwa hasira zangu nilijua nitaharibu.

Nikaharibu kweli. Nilimwambia mwenyekiti hana haya, watu wakaguna, naye akaomba wanaotaka Mji Mpya wanyooshe mikono. Ikapanda mingi. Mama akainamisha kichwa, nami nikatamani ardhi inimeze.

Pale barazani pa ofisi tulipokutania kulikuwa na binti aliyetoka milimani, ametua tenga lake la ndizi kupumzika. Njia ilikuwa utelezi mtupu, na alitaka kuwahi sokoni. Akatuamkia kwa aibu, kisha akasema, "Samahanini, nitwikeni."

Mama ndiye aliyewahi kusimama. Akashika upande mmoja wa tenga, akageuka.

"Mwenyekiti, shika huko."

Mwenyekiti akashika. Wakamtwika, binti akashukuru, akashuka zake. Watu walianza kucheka, mwishowe hata yeye mwenyekiti, huku akijipangusa mikono kwenye suruali. Alipouliza tena, mikono ilikuwa mitatu.

Nilishusha pumzi, we acha tu. Mama alirudi kwenye mkeka ameshika kiuno, machozi yanamtoka, anatabasamu.

"Bibi angenisema," aliniambia. "Nimechelewa kuinuka."