Maji ya Bomba kwenye Rejeta

Mwalimu Benigna Kahangwa alifundisha fizikia miaka thelathini na minne katika sekondari moja ya wasichana wilayani Muleba, na kwa muda wote huo hakuona mtu mwenye akili za kutosha. Wakuu wa shule sita walipita mbele yake. Benigna alimwita kila mmoja "yule". Wanafunzi waliofaulu, walifaulu kwa sababu yake. Waliofeli walitoka kwenye koo za kufeli. Watu wa mikoa mingine hututania Wahaya kwamba sote ni nshomile, wasomi wa kujisifu. Kwa Benigna haukuwa utani.

Alipostaafu alihamia mjini, mtaa wa Kitendaguro, kwa mdogo wake Georgina, mjane mpole anayelima migomba nyuma ya nyumba na kuimba kwaya parokiani. Alikuja na maboksi ya vitabu na Corolla nyeupe ya mwaka tisini na nane, gari aliloliendesha kwa miaka kumi na mmoja bila kumwazima mtu yeyote.

Mwezi wa Juni, dada hao wawili wakirudi mjini kutoka kuzika Muleba, gari lilichemsha kwenye mlima. Mvuke ulitoka chini ya boneti, mshale wa joto ukalala juu kabisa. Walisubiri lipoe, wakaongeza maji, wakafika kwa kusimama-simama. Kesho yake Benigna alilipeleka kwa Datius, fundi wa Kashai mwenye gereji chini ya bati mbili.

Jioni alipolifuata pamoja na Georgina, Datius alikuwa anafuta mikono.

"Ilikuwa themostati, mwalimu. Imeganda. Nimeitoa."

"Umeweka nyingine?"

"Hapana. Kile kidude ni cha nchi za baridi. Kwetu hakina kazi."

"Unajua kazi yake?"

"Inazuia maji yasiende kwenye rejeta."

"Inayazuia mpaka lini?"

Datius alicheka kidogo. "Mafundi wote tunaitoa, mwalimu."

"Najua," alisema Benigna. "Ungekuwa peke yako ningekusamehe."

Aliomba arudishiwe themostati yake. Ilikuwa imeshatupwa. Akaondoka na gari hivyo hivyo, na njia nzima alimweleza Georgina kwamba nchi hii itaendelea siku mafundi watakapojifunza kusoma.

Kwa miezi miwili gari halikuchemsha, lakini halikuwa zima. Mshale wa joto ulibaki chini hata baada ya safari ndefu ya kwenda Izimbya na kurudi. Mafuta yaliisha upesi. Asubuhi zenye ukungu injini ilinguruma juu kama mtu amekanyaga mafuta, na baadaye ikaanza kumisi, ikikatakata kama mwenye kikohozi. Fundi wa pili alisema ni pampu ya mafuta. Wa tatu alisema ni umeme, akataka kufungua dashibodi nzima. Benigna aliwasikiliza wote akiwa amekunja mikono, kisha akatangaza kwamba atalitengeneza mwenyewe, nyumbani, mbele ya migomba.

Alikwenda kwenye duka la spea la Najibu. Najibu ni mtu wa maneno machache. Aliitoa themostati mpya kwenye boksi, akaiweka juu ya kaunta pamoja na mpira wake wa kuzibia.

"Kwenye rejeta unaweka nini, mwalimu?"

"Maji."

"Ya bomba?"

"Kuna mengine?"

Najibu alionyesha kwa kidevu galoni za kijani zilizopangwa ukutani. "Kulanti inazuia kutu."

"Hayo ni maji ya rangi," alisema Benigna, "ya kuwauzia wasiosoma."

Najibu alimfungia mzigo wake.

Nyumbani, kabla ya kuifunga themostati kwenye gari, Benigna aliipima. Aliichukua sufuria ya Georgina ya kupikia ndizi, akaweka maji, akaining'iniza themostati kwa uzi na kuzamisha kipimajoto alichokuja nacho kutoka shule.

"Dada, hiyo ni sufuria ya chakula," alisema Georgina.

"Hii ni safi kuliko dagaa wako. Tazama."

Kwenye digrii themanini na mbili ile themostati ilianza kufunguka, polepole. Benigna alieleza kwamba ndani yake mna nta. Nta ikipata joto inatanuka na kusukuma mlango, ikipoa springi inaurudisha. Injini ikiwa baridi maji yanazungukia humo humo mpaka ipate joto lake, ndipo yanaruhusiwa kwenda kupozwa. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi siku nzima na kunywa mafuta ya bure.

"Jambo la dakika tano," alisema. "Datius ana miaka ishirini kwenye kazi hii."

Injini ilipokuwa baridi alimwaga maji kiasi, akachomoa mpira wa rejeta, na kwa spana namba kumi akafungua kifuniko cha mahali pa themostati. Alisafisha kingo, akaweka themostati kipini chake kidogo kikiwa juu ili hewa ipite, akafunga. Kisha akatoa plagi. Zote nne zilikuwa nyeusi kwa masizi, kama alivyotarajia kwa injini iliyokosa joto. Alizisugua, akazirudisha, akajaza maji ya bomba, akawasha na kuacha mfuniko wa rejeta wazi mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Injini ilitulia. Haikumisi tena.

Jumamosi aliamua kwenda Muleba, makusudi, aupande ule mlima. Georgina alikaa pembeni na rozari. Katikati ya mlima mshale ulianza kupanda, na kabla ya kilele mvuke ulikuwa umetanda kwenye kioo.

Benigna alishuka, akasimama barabarani. Alisema Najibu kamuuzia takataka. Walirudi kwa shida, na siku iliyofuata akaifungua tena themostati na kuirudisha kwenye sufuria. Ilifunguka kwenye themanini na mbili, bila kosa.

Ndipo alipolegeza koki ya chini ya rejeta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anunue gari. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya udongo wa Kagera, mazito, na baada yake yakaja mabonge. Yalimwagika juu ya viatu vyake. Alikaa kwenye kigoda akiyatazama. Chuma, maji na hewa: watoto wa kidato cha kwanza wanajua matokeo yake, na alikuwa amewatoa darasani waliosahau. Themostati ya kwanza ilikufa kwa tope hilo. Hakuna fundi aliyelitia mle.

"Ni nini, dada?" aliuliza Georgina.

"Kutu."

"Imetoka wapi?"

Benigna alichukua mpira wa bomba akaisuuza rejeta kwa maji, kutoka chini kwenda juu, kuanzia saa nne mpaka saa saba, hadi yalipotoka meupe.

Jumatatu alirudi kwa Najibu. "Nipe ya kijani."

"Lita ngapi, mwalimu?"

"Sita. Za kutosha."

Najibu alizishusha ukutani. Hakucheka, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi; angecheka, Benigna angepata cha kumjibu.

Wiki iliyofuata gari lilipanda mlima ule, mshale ukiwa katikati, haukutikisika. Jumapili baada ya misa Georgina aliwasimulia wanakwaya kwa fahari kwamba dada yake amelitengeneza gari lililowashinda mafundi watatu. Benigna alikuwa amesimama hapo hapo.

"Usiwadanganye watu," alisema. "Hilo gari liliharibiwa miaka kumi na mmoja na mjinga mmoja mwenye diploma. Mafundi walimalizia tu."

Mmoja wa wanakwaya, Vestina, mwenye duka la pembejeo, aliuliza kwa sauti ya chini kama mwalimu angeweza kuitazama pikapu ya mume wake, nayo inachemsha.

"Ilete Jumamosi," alisema Benigna. "Mume abaki nyumbani."