Taipureta ya Mzee Dabaso

Regina Akaale alikuwa mpiga taipu bila taipureta, na mimi sijui kazi ya kijinga kuliko hiyo. Miaka sita alikaa barazani karibu na ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, pale Isiolo, akiwaandikia watu barua kwa mkono: mama anayemtafuta mume aliyepotelea Nakuru, mzee anayelalamika kwamba fisi amemla punda wake na serikali imenyamaza tu. Mashine yake ilikuwa imekufa zamani. Cheti cha kupiga taipu alikuwa nacho, amekifunga kwenye nailoni, na vidole vilikuwa vikimwasha bure.

Halafu, mwaka wa 1985, ofisi moja ya serikali ikatangaza nafasi ya mpiga taipu. Ofisi yenyewe siitaji, wenyewe wanajijua. Mshahara kila mwezi, nyumba ya mabati, na mtihani Ijumaa saa nne asubuhi. Kila mtu aje na mashine yake, kwa sababu ile ya ofisi ilipelekwa Meru kutengenezwa mwaka juzi na bado ilikuwa njiani. Na aliyetimiza miaka thelathini na tano asijisumbue. Regina alikuwa na watoto wawili, mume alishaenda zake, na miaka thelathini na tano angeitimiza mwezi uliofuata. Ilikuwa Ijumaa hiyo au basi tena.

Ndipo akamkumbuka Mzee Dabaso wa Merti, mfanyabiashara wa ng'ombe. Mzee alipewa taipureta na kontrakta wa barabara kama sehemu ya malipo ya fahali wawili. Ilikuwa imekazwa kwa skrubu ndani ya sanduku la chuma, na kufuli la sanduku lilikuwa na magurudumu matano madogo ya namba. Mzee hakujua kupiga taipu na hakutaka kujua. Yeye alipenda lile kufuli. Fundi wa kontrakta alimwonyesha jinsi ya kuweka namba yake mwenyewe, akaiweka, akafungia humo barua na tumbaku ya akiba, hakulifungua tena, akalala usingizi mzuri.

Regina akamtumia mzee salamu kupitia Kanchoro, dereva wa lori la Merti. Wakaelewana bei, na Jumatatu sanduku likafika katikati ya mbuzi. Zito, zuri, na limefungwa kabisa.

"Namba iko wapi?" Regina akauliza.

"Namba gani? Mimi nimepewa sanduku," Kanchoro akasema. "Hata hawa mbuzi sikupewa namba zao."

Akamrudisha na ujumbe. Jumatano Kanchoro akarudi na jibu, akalitoa akiwa amekaa ndani ya lori, injini inanguruma, maana alimjua Regina. "Mzee anasema namba hawezi kuitaja. Anasema usikasirike."

"Nisikasirike! Ameniuzia mlango akabaki na kitasa, halafu nisikasirike?"

"Anasema atakuja mwenyewe," Kanchoro akasema, akaondoa lori.

Regina hakungoja. Alilipeleka sanduku kwa Gikunda, fundi wa kuchomelea chuma, Mmeru mmoja mpole anayependa kueleza hasara kabla ya kazi. Gikunda akalizunguka mara mbili. "Nikichoma hapa, utepe wa wino unashika moto. Nikipiga nyundo hapa, herufi zinaruka mpaka Archer's Post. Nikikata huku chini, utapata sanduku wazi na taipureta ya kuku kutagia."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo tafuta namba, mama."

Basi akaanza kuitafuta. Alikaa mlangoni kwake, akaanza na elfu kumi, kwa sababu mtu mwenye akili timamu hawezi kulinda mali yake kwa sifuri. Sifuri mbele ya namba ni kazi bure, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Elfu kumi na moja. Elfu kumi na mbili. Majirani wakaanza kupita kuuliza amefika wapi, kama watu wanaoulizia mgonjwa. Mmoja akapendekeza mwaka wa Uhuru. Mwingine akasema pengine sanduku lina maiti. Alhamisi jioni alikuwa amefika elfu kumi na tatu na mia nne, kidole gumba kimetoka lengelenge. Haki ya Mungu, alilia.

Ijumaa akalipeleka hivyo hivyo, limefungwa, kwa mkokoteni. Aende afanye nini, hata yeye hakujua. Pale getini walikuwepo wenzake wanne na mashine zao wazi, wanapuliza vumbi kwenye herufi kwa madaha. Askari akamwambia, "Mama, mtihani ni wa taipu, si wa kubeba."

Saa nne kasoro robo, lori la Kanchoro likasimama, na Mzee Dabaso akateremka.

"Salaam aleikum, binti."

"Aleikum salaam, mzee. Namba."

"Ndiyo nimeileta."

Akapiga magoti kwenye vumbi, akavuta shuka juu ya kichwa chake na juu ya sanduku, akapotea humo ndani. Wale wanne wakacheka. Askari akataka kujua kuna nini humo, akajibiwa na shuka, "Ngoja." Yakasikika magurudumu. Tik, tik, tik. Kisha kimya. Kisha tik tena.

"Linakataa," shuka likasema.

"Mzee, dakika kumi zimebaki! Niambie mimi nijaribu!"

"Binti, siwezi. Namba ni ng'ombe wangu."

Hasira yote ilimwisha Regina palepale. Alipokuwa na miaka saba aliwahi kuwahesabu mbuzi wa baba yake kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, na wiki ile chui akala mmoja. Baba yake alimchapa kwa fimbo ya kuchungia, na hakusahau mpaka anakufa. Ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Mzee alikuwa ametafuta namba ambayo hakuna mtu duniani angemuuliza, na kwa kweli aliipata.

Alichuchumaa karibu na shuka, akasema polepole, "Mzee, sikuulizi wangapi. Nakuuliza, uliiweka namba lini?"

"Mwaka ule wa kontrakta. Kabla ya ukame."

"Na sasa unaweka ng'ombe wa lini?"

Mzee Dabaso akalishusha shuka, akalitazama sanduku kama mtu aliyekutana na rafiki ambaye hakupata habari za msiba.

"Lenyewe halikuambiwa," akasema.

Kisha akasimama wima, mbele ya askari, dereva na watu wote wa getini, akatamka kwa sauti kitu ambacho hata wake zake hawakuwahi kukisikia.

"Mia tatu na kumi na mbili. Weka, binti. Waliokufa hawana hasidi."

Sifuri, sifuri, tatu, moja, mbili. Kufuli likaachia. Angeanza na sifuri angefika hapo Jumatano hiyo hiyo kabla chai haijapoa, lakini hakulifikiria hilo. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Kazi aliipata, nisikuweke roho juu. Ameifanya mpaka watoto wamemaliza shule. Lakini kabla hajabeba sanduku kuingia ndani, alimgeukia mzee, na huruma ikamponyoka kabla ya adabu.

"Na sasa wamebaki..." akaanza, akajiziba mdomo kwa mkono.

Mzee alikuwa amesikia.

"Hao sisemi," akajibu. "Hao bado wanaishi."